Mtoto Hakubemendwa, Amekosa Haki Yake

Ndugu msomaji, liko neno moja katika mitaa yetu ambalo likishatamkwa juu ya mtoto mchanga, mazungumzo huwa yamekwisha. Mtoto ana miezi 8 au 9, shingo nyembamba, mbavu zinahesabika, nywele zimepauka, na kukaa bado. Wazee humtazama mara moja tu na hukumu ikatoka: "Huyu amebemendwa." Maana yake, kwa asiyeizoea lugha hiyo, ni kwamba wazazi wake wamekutana kimwili kabla ya mtoto kukomaa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na athari ya tendo hilo imeingia katika maziwa ya mama ikamdhoofisha mtoto.

Tangu hapo mama huinamisha uso. Baba hununa, na wengine huhama chumba au huhama nyumba. Mtoto hapelekwi kliniki, kwa kuwa mama anaona haya kukaa kwenye foleni mbele ya wanawake wenzake akiwa amempakata mtoto ambaye kila amwonaye anadhani ameisoma siri ya chumbani kwake. Badala yake hutafutwa dawa ya kuogeshea, hirizi ya kiunoni, au safari ya usiku kwa mganga. Wiki zinapita, na katika umri ule wiki moja ni muda mrefu sana.

Makala haya yanakusudia kuonesha mambo matatu: kwamba neno hili halina msingi katika elimu ya mwili wa mwanadamu, kwamba mafundisho ya dini yetu yameligusa suala lenyewe tangu zama za Mtume (s.a.w.) na kulitolea jibu, na kwamba dhara lake kubwa ni kulifunika jambo linalotibika, nalo ni njaa na maradhi ya mtoto katika mwaka wake wa kwanza.

KASI AMBAYO HAIRUDI TENA

Baada ya kuzaliwa, hakuna kipindi ambacho mwanadamu hukua kwa kasi kuliko mwaka wake wa kwanza. Mtoto aliyetimiza siku zake tumboni huzaliwa, kwa wastani, akiwa na uzito wa kilo 3 na kitu na urefu wa sentimita 50 hivi. Siku za mwanzo hupungua kidogo, pengine hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kisha huurudisha kabla ya wiki mbili kumalizika. Afikapo miezi 5 hivi uzito huwa umekuwa mara mbili ya ule aliozaliwa nao. Afikapo mwaka, mara tatu. Urefu wake huongezeka kwa nusu nzima, takriban sentimita 25. Kijana wa miaka 20 mwenye kilo 60, lau angekua kwa kasi hiyo, mwaka ungemalizika akiwa na kilo 180.

Na hayo ni yale yanayoonekana kwa mizani na utepe. Yasiyoonekana ni makubwa zaidi. Ubongo wa mtoto huongezeka ukubwa karibu mara mbili katika mwaka huo mmoja. Yule aliyezaliwa akiona vyema vilivyo karibu tu, umbali wa uso wa mama anayemnyonyesha, baada ya wiki 6 hadi 8 hutabasamu kwa kumjibu aliyemtabasamia. Baada ya miezi michache shingo hukaza, mkono hukamata, kisha sauti huanza kuwa silabi. Hujifunza lugha kwa kusikiliza kabla hajatamka neno lolote. Kwa sababu hiyo mama anayezungumza na mtoto wa miezi 3, akimweleza kuwa sasa anamvisha nguo na sasa anakwenda jikoni, hafanyi upuuzi kama wanavyodhani baadhi ya wanaume. Anamfundisha lugha.

Kazi yote hiyo inahitaji chakula, na mtoto hana akiba ya kutosha ya kumvusha. Mtu mzima akikosa mlo wa wiki nzima hukonda, kisha hula na kurejea hali yake. Mtoto wa miezi 7 anayekula kwa upungufu miezi mitatu mfululizo hupoteza sentimita ambazo ni vigumu mno kuzirejesha, na pamoja nazo hupungukiwa na kitu katika ujenzi wa ubongo. Hali hiyo ndiyo iitwayo udumavu: urefu usiolingana na umri. Anaweza asionekane mgonjwa, akacheza na kucheka, na watu wakasema ni mfupi tu kwa asili ya ukoo wao.

Hoja hiyo ya asili ya ukoo imechunguzwa. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Walichaguliwa watoto ambao mama zao waliwanyonyesha, hawakuvuta sigara, na ambao nyumba zao hazikuwa na upungufu wa kuzuia ukuaji. Matokeo yakatolewa mwaka 2006, nayo yalionesha kuwa watoto wadogo wa Muscat, wa Accra na wa Oslo, wakipata malezi mema, hukua kwa namna inayokaribiana mno. Wako warefu na wafupi katika kila kabila, lakini jamii nzima yenye watoto waliodumaa haiwezi kujitetea kwa damu. Mistari iliyochapishwa leo katika kadi ya kliniki ya mtoto wako imetokana na kazi hiyo.

KUKUA SI MASHINDANO

Kabla hatujaendelea, ni vyema kuondoa hofu isiyo na sababu, kwa kuwa neno "kubemenda" mara nyingine huangushiwa mtoto ambaye hana dosari yoyote. Jirani anasema, "Wangu alisimama dede na miezi 8, wako vipi?" na mama analala bila usingizi.

Uchunguzi huohuo wa nchi sita ulipima pia, katika nchi tano kati ya hizo, umri ambao watoto wenye afya huanza kufanya mambo mbalimbali. Ikaonekana kuwa kukaa bila kushikiliwa huja popote kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Kutembea peke yake huja popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Na katika kila watoto 100, wanne hivi hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Waliruka hatua hiyo wakasimama. Basi mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajatembea, lakini anakaa, anashika, anacheka na kuitika sauti, hana la kutibiwa. Ama yule aliyepita miezi 9 na hajaweza kukaa, au aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha, huyo na apelekwe akaangaliwe bila kuchelewa.

Inafaa kukumbuka hapa kuwa Imam Ibnul Qayyim, aliyefariki Damascus mwaka 1350, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu na malezi ya mtoto mchanga, Tuhfatul Mawdud. Humo alitahadharisha dhidi ya kumlazimisha mtoto kutembea kabla ya wakati wake, na akashauri kuwa chakula cha mtoto kiwe maziwa peke yake mpaka meno yaanze kuota, kwa udhaifu wa tumbo lake. Meno ya kwanza kwa kawaida huchomoza karibu na mwezi wa 6. Tiba ya zama zake haikuwa tiba ya zama zetu, na si kila kilichomo kitabuni humo leo ni dawa. Lakini mwanachuoni huyo alimtazama mtoto kwa makini akaona kuwa kila jambo lina wakati wake. Sisi wenye mizani na kadi tumeshindwa kumtazama hivyo.

IKIWA NI KUBEMENDA, MBONA TAKWIMU ZINAKATAA?

Katika Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta kuwa watoto 42 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta 34. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 30. Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kupungua huko, ingawa bado ni takriban mtoto mmoja katika kila watatu.

Sasa na tuulize kwa akili tuliyopewa. Ikiwa kudhoofu kwa watoto kunatokana na yanayotendeka chumbani, je, kati ya mwaka 2010 na 2022 wanandoa wa nchi hii walianza kujitenga? Na utafiti huo wa 2022 ulionesha kuwa mkoa wa Iringa una watoto 57 waliodumaa katika kila 100, na Njombe na Rukwa 50 kila mmoja. Je, tutasema kuwa ndoa za Iringa zina kasoro kuliko ndoa za mikoa mingine? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo.

Jambo la kustaajabisha ni kuwa mikoa hiyo ni ghala la chakula la taifa. Mahindi yapo, viazi vipo, maharage yapo. Hapo ndipo tunapojifunza kuwa ghala lililojaa halimshibishi mtoto wa miezi 7. Yeye hana uwezo wa kula ugali wa wakubwa, tumbo lake ni dogo, na anahitaji kulishwa mara kadhaa kwa siku na mtu mwenye subira. Mama aliye shambani tangu alfajiri hadi alasiri, aliyemwachia dada wa miaka 7 kikombe cha uji wa mahindi mwepesi, hawezi kuitimiza haki hiyo hata akiwa na magunia 20 ndani. Ongeza juu yake homa, kuharisha kwa maji yasiyochemshwa, na mikono isiyooshwa kwa sabuni. Mtoto anakula kidogo na hicho kidogo kinapotea.

MIZANI YA DINI JUU YA SUALA HILI

Waarabu kabla ya Uislamu na baada yake walikuwa na dhana inayofanana na yetu. Waliiita ghiila. Imam Malik katika Muwatta aliifasiri kuwa ni mtu kumwingilia mkewe hali ananyonyesha. Mwanalugha Ibnus Sikkit aliifasiri kuwa ni mwanamke kunyonyesha hali ana mimba. Waliamini kuwa hilo humdhuru mtoto, na kwamba dhara hubakia naye hata akiwa mtu mzima.

Imepokewa katika Sahihi Muslim, kwa njia ya Judama bint Wahb, kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa amekusudia kuikataza ghiila, kisha akazingatia kuwa Warumi na Wafursi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Hakukataza. Tena katika Muslim imo riwaya nyingine, ya mtu aliyemweleza Mtume (s.a.w.) kuwa hujizuia kwa mkewe kwa kumhofia mtoto, naye akamjibu kwa maana hiyohiyo: lau lingekuwa na dhara, lingewadhuru Wafursi na Warumi.

Msomaji aangalie namna jibu hilo lilivyojengwa. Palikuwa na dhana iliyoenea kwa watu, na palikuwa na watu wengine wasioifuata dhana hiyo. Watoto wa hao wengine wakatazamwa, wakaonekana wazima, na dhana ikaachwa. Ni kutumia ushahidi wa yanayoonekana, jambo ambalo sisi leo, karne 14 baadaye, tunalionea uzito mbele ya neno la bibi mmoja barazani.

Kwa uaminifu wa elimu, inapasa kutaja kuwa ipo riwaya nyingine, katika Sunan ya Abu Daud, iliyopokewa na Asmaa bint Yazid, yenye kutahadharisha juu ya jambo hilo. Wanavyuoni wamezungumza juu ya kuzioanisha riwaya mbili hizi, na njia iliyo mashuhuri ni kuichukulia hiyo ya tahadhari kuwa ni ushauri wa kujihadhari, isiwe haramisho. Hakuna katika riwaya zote hizi panaposemwa kuwa mtoto dhaifu ni ushahidi wa zinaa ya mzazi wake. Mwenye kumtuhumu mwanamke kwa hilo, kwa dalili ya mbavu za mtoto, na aihofie adhabu ya kuwasingizia watu walio katika hifadhi ya ndoa zao.

Ama kwa upande wa tiba, jambo ni wazi. Maziwa hutengenezwa ndani ya titi lenyewe kutokana na yale yaliyomo katika damu ya mama. Hakuna mfereji utokao kwenye mfuko wa uzazi kwenda kwenye titi. Manii hayaingii katika maziwa, na jasho au joto la mwili wa mama haliyaharibu.

CHEMBE YA UKWELI

Wako watakaosema: "Mbona tumeona kwa macho yetu? Fulani alirudiana na mumewe, na mtoto akaanza kudhoofu." Sikanushi walichokiona. Ninachokikataa ni sababu waliyoitoa.

Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke aliyezaliwa Jamaika, Cicely Williams, alifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Aliwakuta watoto waliovimba miguu, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabanduka. Akawauliza mama zao jina la maradhi hayo, nao kwa lugha yao ya Kiga wakamwambia: kwashiorkor, yaani maradhi yanayompata mtoto anapokuja mdogo wake. Mwaka 1935 aliliandika jina hilo katika jarida la tiba, na sisi kwa Kiswahili tukaliita kwashakoo. Wale mama wa Kiga waliona sawasawa na wazee wetu walivyoona: mimba ya pili inaingia, mtoto wa kwanza anaondolewa ziwani, anapewa uji mtupu, anadhoofu. Kilichomdhuru ni kuondolewa maziwa bila kupewa badala yenye lishe.

Basi penye chembe ya ukweli ni hapa: mimba zilizokaribiana zinamdhuru mama, zinamdhuru aliye tumboni, na zinamdhuru aliye ziwani. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa baada ya kujifungua ipite angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuutimiza unyonyeshaji. Mume na mke wanaotaka kuilinda haki hiyo na wakae pamoja, wamwulize mhudumu wa afya na mwanachuoni wanayemwamini njia iliyo salama na inayofaa kwao. Na mimba ikija, maziwa hayageuki sumu. Mama mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha, ale zaidi, na ahudhurie kliniki mapema.

Lakini tazama dhana ya kubemenda inavyozaa kinyume cha iliyokusudiwa. Mama anaambiwa achague: mume au maziwa ya mtoto. Kwa kuchelea mume asije akatoka nje, anamwachisha mtoto ziwa akiwa na miezi 9 au 10, ili awe "huru" kwa mumewe. Kwa hivyo imani iliyodai kumlinda mtoto ndiyo iliyomnyang'anya chakula chake bora, na baada ya hapo anapodhoofu, imani hiyohiyo inarudi kumhukumu mama.

YANAYOPASA KUFANYWA

Kwanza, mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja ya kuzaliwa. Dang'a, yaani yale maziwa ya njano ya mwanzo, ni kinga yake ya kwanza na yasikamuliwe kutupwa. Anayemfanyia mtoto tahniki ajue kuwa ni kumgusisha tu. Isiwe mlango wa maji ya sukari na vijiko vya dawa za chango. Na asali, pamoja na utukufu wake, isitolewe kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1, kwani huweza kubeba vijidudu ambavyo katika tumbo lake changa huzaa sumu ya kupoozesha viungo.

Pili, miezi 6 ya mwanzo iwe ya maziwa ya mama peke yake. Watu wa pwani husema joto ni kali, mtoto ana kiu. Maziwa ya mama ni maji kwa sehemu karibu 88 katika 100. Anayenyonya amekwisha kunywa. Utafiti wa 2022 ulionesha kuwa watoto 64 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 nchini Tanzania hupata haki hiyo, na 36 waliobaki hupewa maji, uji au maziwa mengine kabla ya wakati.

Tatu, akishatimiza miezi 6 asicheleweshwe. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inamalizika, na maziwa peke yake hayatoshi tena. Aanze kwa milo 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 iwe 3 hadi 4, huku akiendelea kunyonya. Uji uwe mzito, usiomiminika kutoka kijikoni kama maji. Ndani yake au pembeni yake pawe na yai, dagaa waliosagwa, samaki aliyetolewa miba, maharage yaliyopondwa, mchicha, papai, embe, na kijiko cha mafuta. Apewe sahani yake mwenyewe ili ijulikane amekula kiasi gani.

Nne, mahindi na karanga za uji wake zichambuliwe, na zenye ukungu zitupwe, zisiuziwe wengine. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu ya nafaka. Kusaga hakuiondoi na kupika hakuimalizi.

Tano, mtoto mgonjwa aendelee kunyonya na kulishwa kidogo kidogo. Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki. Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili ili arudishe alichopoteza.

Sita, kadi isomwe. Mama aulize kila mwezi: mstari unapanda, umelala, au unashuka? Aombe mtoto apimwe urefu pia, kwani udumavu hauonekani kwa mizani peke yake. Na yako mambo ya kukimbiza kituoni siku hiyohiyo: miguu yote miwili kuvimba; utepe wa mkono kuonesha chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, kukataa kunyonya, degedege, na utosi kudidimia. Utosi uliodidimia haupakwi dawa, kwa kuwa aghlabu ni alama ya mwili kuishiwa maji.

MWENYE JUKUMU LA KWANZA NI NANI?

Katika jamii yetu mtoto akinawiri husifiwa ukoo wa baba, na akidhoofu hulaumiwa mama. Lakini Aya ileile ya 233 imemwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Na imefanya kuachisha ziwa kabla ya wakati kuwa ni jambo la wawili kuridhiana na kushauriana. Basi iko wapi shura hiyo katika nyumba ambayo baba hajui hata mtoto wake ana kilo ngapi?

Uwezo ninaouzungumzia si utajiri. Yai moja kwa siku mbili, fungu la dagaa, ndoo mbili za maji alizoteka baba ili mama apate nusu saa ya kumlisha mtoto kwa utulivu: hayo yako mikononi mwa wengi wetu. Wapo waume wanaokunywa kahawa barazani kila jioni kwa gharama inayotosha kununua mayai ya wiki, kisha wanasema hali ni ngumu. Na mume anayemwona mwanawe anadhoofu na kumwachia mama aibu peke yake, akajitenga kwa kisingizio cha kubemenda, amewadhulumu wawili kwa wakati mmoja.

Sisi walimu wa madrasa tuna sehemu yetu. Tunawapokea watoto wakiwa na miaka 5 au 6. Yupo anayehifadhi sura fupi kwa siku mbili, na yupo anayekaa wiki tatu na aya moja. Sababu ni nyingi, na si kila mzito wa kuhifadhi alikosa chakula. Lakini haiwezekani kwamba katika nchi yenye watoto 30 waliodumaa katika kila 100, hakuna hata mmoja wao mkekani petu. Fimbo haiurudishi mwaka wa kwanza. Tunachoweza kufanya ni kusema kabla mwaka huo haujapita kwa mdogo wake.

Nafasi ya kusema tunayo. Siku ya saba, watu wanapokusanyika kwa akika, hutolewa mawaidha marefu juu ya jina na kunyoa nywele. Na patajwe pia miezi 6 ya maziwa, mlo wa mwezi wa 7, na kadi ya kliniki. Na katika nyama ya akika, fungu jema limfikie mama aliyejifungua kabla ya wageni. Maimamu waifafanue riwaya ya Judama katika khutba, waziwazi, mbele ya waume na wazee. Walimu wetu wa kike waende kwa mama aliyejifungia na mtoto wake dhaifu, wamtoe katika aibu ambayo dini haikumvisha, wafuatane naye hadi kituoni.

Nawe ndugu uliyesoma mpaka hapa, pengine unamjua mtoto wa namna hiyo katika mtaa wako, na pengine neno hilo limetamkwa juu yake mbele yako nawe ukanyamaza. Asubuhi kituo kikifunguliwa, awe kwenye foleni, na baba yake ndiye amempakata.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutekeleza amana hii. Wallahu aalam.